Taa ya Kapteni Pell

Juni 3

Leo tumepewa nguo mpya: sketi ndefu ya buluu, aproni nyeupe na shali ya kijivu. Miaka kumi na tisa nilibeba vinywaji kwenye disko la Boilers nimevaa kaptura nyeusi, na sasa, nikiwa na miaka hamsini na saba, nimegeuzwa mke wa baharia. Silalamiki. Sketi inanifichia mishipa ya miguu.

Boilers ilifungwa mwezi wa tano. Ilikuwa disko la mwisho kati ya matano hapa Gati la Pell, ambapo wageni wakitoka kwenye bustani ya michezo, nyayo zinawaka moto, walikuwa wanakuja kunywa na kucheza mpaka saa nane za usiku. Siku hizi wanataka kula, wapige picha ya sahani, wakalale. Mlango wa disko umezibwa kwa ukuta wa mbao uliochorwa maua, na mbele yake, juu ya maji kabisa, wamejenga mgahawa wa samaki unaoitwa Nyumba ya Taa. Meneja ni Bryce Lundgren, kijana wa Minnesota anayejipaka mafuta ya kuzuia jua hata akiwa ndani.

"Bi Lorene," ameniambia, "wewe utakuwa sauti ya nyumba hii."

"Na sauti inaruhusiwa kukaa chini ikichoka?"

Akaenda kukagua friji.

Juni 5

Mvua ya alasiri, saa tisa kamili, kama kawaida ya msimu.

Tumepewa hadithi. Kila nyumba hapa Gatini ina historia yake, nayo inaandikwa na watu wa ofisi kuu ambao hatujawahi kuwaona. Boilers eti ilikuwa karakana ya meli. Duka la fulana eti lilikuwa posta. Ukweli ni kwamba hapa palikuwa na michungwa na kinamasi, lakini hilo haturuhusiwi kulisema. Mgeni akiuliza kama historia ni ya kweli, jibu ni moja: "Ndivyo tulivyopokea."

Ya kwetu ni hii. Kapteni Orrin Pell alikuwa akivusha machungwa ziwani kwa meli ndogo. Kila jioni mke wake aliwasha taa mwisho wa gati ili mume aione njia katikati ya matete. Usiku mmoja upepo ukaizima taa. Kapteni akapotea, akazama, na mke akaendelea kuiwasha mpaka alipokufa. Natakiwa kuisimulia kila siku saa mbili usiku nikiwa nimesimama mwisho wa gati na taa mkononi. Nikifika kwenye upepo, feni iliyofichwa chini ya mbao inavuma na taa inazimika yenyewe. Wageni wanashtuka, taa inawashwa tena, halafu wanaagiza keki.

Juni 8

Jumamosi. Nimefanya mazoezi ya hadithi kibarazani, Mama akimenya kunde. Tangu mwaka jana akili yake inavuja. Ya asubuhi hayakumbuki mchana, lakini ya zamani anayo, ingawa daktari amesema nayo yatafuata. Anaipenda hadithi. "Rudia pale kwenye taa," ananiambia, na mimi narudia. Leo nimeirudia mara kumi au zaidi.

Nilipoinua macho niliona taa yetu wenyewe juu ya mlango, inawaka mchana kweupe. Haijazimwa tangu mwaka 1974, ila umeme ukikatika au balbu ikiungua. Baba yangu, Coy Hatcher, alikuwa akiwinda vyura usiku hapa Ziwa Tolley na kuiuzia migahawa miguu yao, na taa hii ndiyo ilimwonyesha njia ya kurudi. Mwezi wa nane mwaka ule hakurudi. Boti ilikutwa ng'ambo, kwenye matete karibu na barabara kuu, na watu wakasema ameshuka pale akapanda gari la mtu. Mama mwenyewe aliwaambia majirani kwamba ameenda Louisiana na mwanamke. Nilikuwa na miaka saba.

Naandika wazi ili nisijidanganye: kuna jambo moja nalitaka kulijua kabla akili ya Mama haijaisha. Baba alituacha, au alikufa? Nimemuuliza mara nyingi maishani. Kila mara anajibu, "Taa inawaka, siyo? Basi."

Juni 14

Wameleta picha za ukutani. Wanazinunua kwa masanduku, picha za wafu wa watu wengine, wanazibandika na kuzipa majina. Bryce alikuwa ananing'iniza ile kubwa karibu na baa mimi nikipita na trei ya glasi. Nilisimama.

Ni Baba.

Sikio la kushoto limetoka nje kuliko la kulia. Unyusi mmoja umeinuka kama mtu anayeambiwa uongo. Wamempaka rangi ya udongo ili aonekane wa zamani, wamemchorea na kofia ya ubaharia, lakini ni yeye. Chini kuna kibao cha shaba: Kapteni Orrin Pell.

"Dada, umeona mzimu?" Ni Yadira Cintrón wa baa. Tumefanya kazi pamoja tangu enzi za Boilers, na huyu hana dogo.

"Yule ni baba yangu."

"Yupi?"

"Kapteni."

Akamtazama sana. "Mwanamume mzuri. Wewe ulimfuata mama yako."

Hatuna picha yake hata moja. Kimbunga cha 2004 kiliondoka na paa na kabati na kila kilichokuwa ndani. Uso ninaoubeba ni wa mtoto wa miaka saba, na mtu pekee anayeweza kunithibitishia ni Mama.

Juni 20

Wageni mia tatu na kitu. Sauti imekauka.

Juni 27

Ninaposimulia, picha inanitazama kutoka ndani kupitia dirishani. Feni inavuma, taa inazimika, watu wanasema "aaah". Nimeanza kumsalimia nikiingia kazini. Yadira ameniona nikifanya hivyo, akajifanya hakuona.

Julai 4

Fataki. Mbwa wa jirani amejificha chini ya nyumba yetu mpaka asubuhi.

Julai 11

Leo wamefunga baa ya piano. Inakuwa duka la keki za vikombe. Wazee wawili waliokuwa wakipiga piano wamepewa kazi ya kuelekeza magari.

Tulipofunga, mimi na Yadira tulipita nyuma, kando ya ukuta wa maua uliozibia Boilers. Muziki ulikuwa unapiga ndani. Nyimbo zetu zilezile, kwa mpangilio uleule, mpaka ile ya polepole ya kufungia. Nyumba haina umeme wa taa, haina meza, sakafu imeng'olewa, na spika zinachezesha watu ambao hawapo. Nilipomwambia Bryce alisema mtambo wa muziki uko ofisi kuu na hakuna anayejua ni nani mwenye ruhusa ya kuuzima.

"Sasa wanacheza nani mle?" Yadira akamuuliza.

"Hakuna mtu mle, Yadira."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Julai 19

Nimefanya kosa la ajabu. Nilimpeleka Mama kliniki, na muuguzi akijaza fomu akaniuliza kama mume wa mama yangu yu hai. Mdomo ukajibu peke yake: "Alizama. Upepo uliizima taa." Nikanyamaza hapohapo, kituo kilekile ninachokiweka ili feni ivume. Muuguzi akasema pole, akaandika. Mama, kando yangu, alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu kanisani.

Ningeweza kumsahihisha yule muuguzi. Nilishindwa kukumbuka kwa haraka jibu la kweli lilikuwa lipi.

Agosti 2

Jioni ya familia za wafanyakazi. Nimemleta Mama.

Nilimvalisha gauni lake la zambarau, nikampa mkono mpaka kwenye baa. Yadira alizima blenda bila kuambiwa. Nikamsimamisha mbele ya picha, nikamuuliza, "Mama, huyu ni nani?"

Alimtazama kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole, akaligusa lile sikio.

"Ndiye," akasema.

"Nani?"

"Orrin. Mume wangu." Akageuka akawatazama watu waliokuwa kwenye baa, akainua kiganja kama ninavyokiinua mimi. "Kila jioni niliiwasha taa mwisho wa gati ili aione njia katikati ya matete. Usiku mmoja," na hapo akanyamaza, kituo changu hasa, nami nikajikuta nasubiri feni, "upepo ukaizima."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Yalikuwa maneno yangu, pumzi zangu, hata ule mteremko wa sauti niliojifundisha kibarazani. Kwa kuirudia mbele yake nimemjaza hadithi ya ofisi kuu, na Coy Hatcher, kama alikuwa bado yumo mle kichwani, nimemtoa mimi.

Mama alikula kambare wa kukaanga sahani nzima, akaomba na keki.

Agosti 3

Sikwenda kazini. Nimelia, nimefua.

Agosti 16

Joto halipungui hata mvua ikinyesha. Mama anaongea habari za Orrin kutwa nzima. Orrin alikuwa anapiga mluzi kupitia pengo la meno. Orrin alinuka maua ya mchungwa na dizeli. Hayo hayamo kwenye hadithi. Nikidokoa moja la Baba, linatoka limevaa kofia ya kapteni, na sijui tena lipi nilichukue na lipi nilitupe.

Bi Eula Prine, jirani anayekaa na Mama nikiwa kazini, ameniambia, "Mwache, Lorene. Angalau sasa ni mjane. Miaka yote ile hakuwa mjane wala hakuwa mke." Nilimkasirikia. Baadaye nikaona ana maana.

Septemba 9

Yadira amenivuta stoo, amefunga mlango. Walipokuwa wanapaka rangi ukuta, aliishusha picha, akageuza fremu. Nyuma kuna mwandiko wa penseli: Dk. Alvin Stroud, siku ya kufungua kliniki ya meno, Dayton, Ohio, 1922.

"Daktari wa meno," nikasema.

"Wa Ohio, dada."

Tukacheka mpaka tukakaa chini juu ya magunia ya unga. Kisha kicheko changu kikageuka, na Yadira akanishika kichwa begani kwake na wala hakusema neno, jambo ambalo sikujua analiweza. Miezi mitatu nimekuwa nikimwamkia daktari wa meno.

Septemba 22

Wageni kidogo. Kimbunga kiko mbali, Karibi. Kila mtu anasema hakitafika.

Septemba 30

Nimegundua bado namsalimia.

Oktoba 9

Kimbunga kingine, na hiki kimefika. Gati lilifungwa jana. Naandika kwa tochi ingawa ni saa kumi na moja jioni. Madirisha yote nimeyapigilia mbao, na nje mbingu zimekuwa kijani kilichooza. Beseni la kuogea limejaa maji ya akiba. Bi Eula amekimbilia kwa mwanawe. Tuko wawili.

Umeme ulikatika saa tisa. Tulikuwa ukumbini, mlango wa mbele bado uko wazi upana wa mkono kwa ajili ya hewa, na Mama alikuwa amekaa pale anapoiona taa ya kibarazani. Ikazimika. Nilijiandaa kwa fujo, maana kila umeme unapokatika yeye huhangaika. Hakuhangaika.

"Nani kaizima?" akauliza.

"Kimbunga, Mama. Umeme umekatika kote."

"Basi mara hii siyo mimi."

Nikafunga mlango, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Nikamuuliza, polepole sana, ana maana gani.

"Ile ya kwanza niliizima mimi."

"Upepo uliizima, Mama. Ndivyo hadithi inavyosema."

"Upepo wako huo." Alisema kwa kuchoka, kama alivyokuwa akinisahihisha hesabu nikiwa shuleni. "Swichi iko pale kwenye mwimo wa mlango. Nilisimama nikaibonyeza. Mkono huu ulikuwa umefungwa bendeji, nikatumia ule mwingine."

Bendeji naikumbuka. Nilikuwa nikiichorea maua kwa kalamu nyekundu. Niliambiwa alianguka ngazini.

"Kwa nini uliizima?"

"Nilitaka usiku mmoja tu asirudi."

Paa lilikuwa linalia. Nilimsogelea nimsikie.

"Nilidhani atalala kwenye boti," akasema. "Watu hulala kwenye maboti. Asubuhi nikaiwasha. Nikasema akirudi nitamwambia balbu iliungua. Nilishatunga na jinsi ya kusema."

Kisha akaniuliza kama kunde nimezifunika zisiloe. Nilimwambia ndiyo. Akalala kwenye kiti, mdomo wazi, na mimi nikabaki na tochi.

Miaka hamsini nimeiangalia ile taa nikidhani ni mapenzi. Shuleni nilijivuna nayo. Wanaume wawili walionitaka niliwaacha kwa sababu sikuona kwamba mtu angewahi kuniwashia taa namna ile. Na sasa hata hili sijui kama naweza kuliamini. Mke, taa, matete, kuzama: ni hadithi niliyomlisha mwenyewe tangu Juni, na huenda akili yake imeigeuza tu upande wa pili, kama anavyovaa sweta ndani nje. Bendeji ni ya kweli. Mengine yote yanaweza kuwa ya ofisi kuu.

Oktoba 10

Mwembe wa jirani, hapana, mparachichi, umelalia uzio wetu. Paa lipo. Sijalala, hata miti naichanganya.

Mama hakumbuki kwamba kulikuwa na kimbunga.

Oktoba 12

Gati limefunguliwa. Ukuta wa maua umeanguka, lakini muziki wa Boilers haujakatika.

Saa mbili nilisimama mwisho wa gati, taa mkononi, watu kama themanini. Nilifika kwenye upepo. Feni ilikuwa imeharibika kwa maji, hakuna aliyeniambia, kwa hiyo nilinyamaza na hakuna kilichotokea. Taa ikaendelea kuwaka. Watu wakasubiri. Nikajisikia nasema, "Kisha mke akaizima yeye mwenyewe. Alitaka usiku mmoja tu asirudi." Nikaizungusha swichi kwa kidole.

Hakuna aliyesema "aaah". Mama mmoja mwenye kofia ya plastiki aliacha kutafuna. Mume wake aliondoa mkono wake begani kwake, taratibu, akauweka mezani.

Oktoba 15

Bryce ameniita. Nilijua nafukuzwa, kuongeza neno kwenye hadithi ni kosa linalojulikana na kila mtu hapa.

"Bi Lorene, ulibadilisha maneno."

"Nilibadilisha."

"Ofisi kuu wameona video. Wamependa sana." Alikuwa mwekundu, anafurahi kama aliyepewa zawadi. "Nafasi zote zimejaa mpaka mwisho wa mwezi. Feni hatuitengenezi. Sema hivyohivyo kila siku."

Ningekataa. Nimekaa hapa na kalamu nikitafuta kwa nini sikukataa, na jibu ni la aibu: nilitaka kumwambia mtu, na wale watu themanini walikuwa wa kwanza kunisikiliza.

Oktoba 24

Kila jioni naizima. Siku za kwanza nilikuwa naisikia sauti ya Mama kwenye yale maneno. Sasa nasikia yangu. Najua pa kupumua. Jana nilijikuta natafuta mwanga mzuri.

"Umeitoa wapi hiyo?" Yadira ameniuliza akipanga malimau.

"Nimebuni."

"Haya," akasema. Hakuniangalia.

Novemba 3

Ofisi kuu wameandika upya. Mke sasa ana jina, Marguerite, na ana mpenzi ng'ambo ya ziwa, na anacheka akizima taa. Kwenye kila meza wamewekewa wageni kengele ndogo ili wamzomee. Leo watoto walipiga kengele wakiimba "mchawi, mchawi," na baba mmoja akaniuliza kwa utani kama nilinyongwa.

Nilitabasamu. Ndiyo kazi.

Nilimfuata Bryce jikoni. "Nirudishie upepo."

"Upepo hauuzi, Bi Lorene."

"Yule mwanamke hakucheka."

"Mwanamke gani?" Akanitazama uso, akafunga mlango wa friji. "Nikuambie kitu, lakini kisitoke hapa. Mwezi wa kwanza nyumba inafungwa. Anakuja mpishi wa televisheni na mgahawa wa nyama. Mimi wananirudisha kwenye maegesho. Hatuna muda mrefu, tumalize vizuri." Nilikuja na hasira zangu zote, na kumbe mbele yangu yuko kijana anayesubiri kufungiwa kama wale wazee wa piano. Nikaondoka bila kumjibu vibaya.

Novemba 8

Nimesema upepo. Bila ruhusa. Niliipuliza taa mwenyewe kwa mdomo, na taa ya umeme haizimiki kwa mdomo. Wageni wakapiga kengele wakidai Marguerite wao. Msichana mmoja aliinua simu kunionyesha video yangu mwenyewe ya wiki iliyopita. "Hadithi siyo hiyo," akaniambia. "Sikiliza." Nikajisikiliza.

Bryce ameniandikia onyo, akaniomba radhi akiniandikia.

Novemba 12

Baridi ya kwanza. Mama amemwita Bi Eula kwa jina la dada yake aliyekufa.

Novemba 17

Jumapili. Nimeacha kazi jana. Kibali cha getini na beji ya jina viko kwenye bahasha. Yadira amesema ataniletea shali ile ya kijivu kwa wizi, nimemwambia asithubutu.

Mchana tulikaa kibarazani, jua zuri, ziwa limetulia. Mama hajataja Orrin kwa siku nyingi, wala mtu mwingine. Ghafla akaniuliza, kwa sauti yake ya zamani, "Lorene, baba yako alikufaje?"

Nilikuwa nimeshaamua. Nimekaa nalo tangu siku ile ya kengele. Nilimshika mkono nikamwambia, "Upepo uliizima taa, Mama. Haikuwa kosa la mtu."

Akafikiri. "Hapana, mwanangu. Usiku ule hapakuwa na upepo hata kidogo. Ndiyo maana sauti ilifika."

"Sauti gani?"

"Ya Coy. Alikuwa pale." Akaonyesha matete, hatua chache kutoka tulipokaa. "Aliita muda mrefu. Mimi hakuniita. Alijua nimesimama mlangoni. Alikuwa anakuita wewe, uamke umwashie."

Nikayatazama matete.

"Na wewe ungeamka," akasema Mama. "Ulikuwa unampenda. Kwa hiyo nilikuja kitandani kwako, nikalala nyuma yako, nikakuziba masikio."

Usiku huo ninao. Sijawahi kumwambia mtu, hakuna aliyeuandika. Mama hakuwa mtu wa kukumbatia, na mara moja tu katika utoto wangu niliamka gizani nikamkuta kanizunguka, viganja viwili vya moto masikioni mwangu, bendeji inakwaruza shavu langu, na moyo wake unapiga mgongoni kwangu. Nilifumba macho nisimwonyeshe kwamba niko macho, asije akaondoka. Nimeishi miaka hamsini nikijua kwamba usiku ule mama yangu alinipenda.

Mkono wake ulikuwa bado uko ndani ya wangu. Sikuutoa. Baadaye nikamuuliza kama anataka chai, akasema ndiyo, na sukari iwe nyingi.